Tulipofika Mutukula, kwa nini hatukurudi nyumbani?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Muleba. Mwanangu wa pili amemaliza kidato cha sita na jina lake limetoka kwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria. Hataki kwenda. Shemeji yangu alipigana vita vya Kagera, na juzi walibishana hadi chakula kikapoa. Mwanangu anasema Idi Amin wa Uganda alikuwa ameshatolewa kwenye ardhi yetu, na jeshi lilipofika Mutukula mpakani lingesimama pale. Badala yake viongozi wakaendelea hadi Kampala, nchi yetu ikafilisika na Waganda wenyewe hawakupata amani. Anauliza kwa nini yeye akajifunze kutii amri za watu wa namna hiyo. Shemeji alinyanyuka akaondoka bila kuaga. Mimi nilikosa la kusema. Nani kati yao ana haki?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na jambo ambalo huenda hukulitarajia: kijana wako ameuliza swali zuri. Mwambie hivyo kabla hujamwambia lingine lolote. Mwaka 1979 swali hilohilo lilikuwa mezani kwa wakubwa wa nchi, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alisita juu yake. Kijana amekosea mahali pawili tu. Kwanza, amedhani kufika Mutukula kulikuwa kumemaliza hatari. Pili, amechukua makosa yaliyofanyika baada ya vita akayafanya sababu ya yeye kutokwenda JKT, wakati mimi nayaona kuwa sababu ya yeye kwenda.

Nikwambie pia nimesimama wapi, ili ujue anayekujibu. Mimi ni mhafidhina. Naamini nchi ni urithi tulioachiwa na waliotutangulia, mpaka wake una thamani ya damu, na kijana aliyesomeshwa kwa jasho la watu ana deni kwao. Kwa sababu hizohizo naiogopa sana serikali yoyote inayopeleka watoto wa watu nje ya mpaka kwenda kuzipanga upya nchi za wenzao. Wapo wanaodhani mtu wa aina yangu hushangilia kila vita. Anayependa nyumba yake hapendi kuona vijana wake wanafia kwa jirani bila sababu ya kutosha.

Nimefundisha historia ya vita kwa miaka mingi, lakini vita hivi sikuvijulia darasani. Mwaka 1978 nilikuwa darasa la sita Bukoba. Nakumbuka watu wa Missenyi, kule mpakani, wakipita na magodoro vichwani, mbuzi mmoja amefungwa kamba, mtoto mgongoni, na wanawake wasiotaka kusimulia walichokiona. Wanaume walikuwa wachache kati yao. Siku ile sikuelewa kwa nini.

Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, takriban kilomita za mraba 1,800, sasa ni ya Uganda. Hoja yake ilikuwa kwamba mto ndio mpaka wa asili, na ule mstari ulionyooka waliouchora wakoloni ni karatasi tu. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka la kuvuka mto huo lililipuliwa ili tusivuke. Raia wapatao 1,500 waliuawa katika zile wiki chache, ng'ombe wakaswagwa kwenda Uganda, kiwanda cha sukari kikavunjwa na kuporwa.

Usilipite haraka lile neno la mpaka wa asili, maana ndiyo hatari yenyewe. Mipaka yote ya Afrika ilichorwa na wageni. Mwaka 1964, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi huko Cairo, Tanzania ndiyo iliyopeleka hoja kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyorithi siku ya uhuru, hata kama imekatiza katikati ya ukoo. Haikuwa kwamba mipaka ile inapendeza. Anayeanza kuirekebisha kwa bunduki hajui ataishia wapi. Sisi Wahaya tuna jamaa pande zote za mstari ule, na bado nasema uamuzi wa Cairo ulikuwa wa busara kubwa. Amin alikuwa anafungua mlango ambao bara zima lilikuwa limekubaliana kuufunga.

Mwalimu alilitangazia taifa tarehe 2 Novemba kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Watu hukumbuka sauti yake siku ile. Mimi nawaomba wanafunzi wangu wayakumbuke maneno matatu, kwa kuwa ni mizani kamili ya vita: sababu, nia, uwezo. Vita vingi vya dunia hii vina moja au mawili kati ya hayo. Na nitakuonyesha kwamba baada ya Aprili 1979 mizani ile ilianza kulala upande kwetu pia.

Jeshi letu lilivuka kwa daraja la muda. Majeshi ya Amin yalikuwa yamerudi nyuma baada ya kupora, hivyo kuirudisha ardhi yenyewe hakukuchukua muda mrefu. Januari 1979 tuliingia Mutukula, upande wa Uganda. Hapo ndipo mwanao anaposema tungesimama.

Tuchukulie tungesimama. Amin bado yuko Kampala, jeshi lake halijavunjika, na hajakiri kosa wala kuyafuta madai yake juu ya ardhi yetu. Mwalimu alikuwa ameuomba Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulaani uvamizi ule, Amin ayakane madai yake na alipe fidia. Umoja haukumlaani. Ulituma wapatanishi, kana kwamba watu wawili wamegombana kwenye pombe. Mwalimu aliuliza unapatanishaje kati ya aliyevunja mlango na mwenye nyumba. Tungerudi Bukoba, basi ingetubidi kuweka jeshi kubwa mpakani mwaka hadi mwaka, tukilinda dhidi ya mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba ahadi kwake ni mate. Mwaka 1972, baada ya yale ya Septemba ambayo nitayagusa, tulitiliana saini naye Mogadishu kwamba majeshi yakae kilomita 10 kutoka mpakani. Miaka sita baadaye alikuwa Kyaka.

Kwa hiyo kuvuka Mutukula ili kulivunja lile jeshi kulikuwa haki. Nasema hivyo bila kuyumba. Kumfukuza mwizi hadi mlangoni na kumwachia panga lake si ulinzi.

Ila ukweli mwingine nao usemwe, hasa mbele ya kijana. Mutukula tulifanya maovu. Nyumba zilibomolewa, na raia waliuawa na askari waliotaka kulipiza yale ya Missenyi. Mwalimu alishtuka, akaagiza askari wasiguse raia wala mali zao. Masaka nayo ilipigwa mizinga kupita kiasi. Anayelipenda jeshi lake huyasema haya kwa sauti yake mwenyewe. Akiyaficha, atayasema adui, na mtoto akiyasikia huko kwanza hatakuamini tena kwa lolote. Mwombe shemeji yako, akiwa ametulia, amweleze mwanao alichokiona. Nadhani hasira yake ile ilikuwa na mambo mengine ndani.

Na yale ya Septemba 1972 ni haya: wakimbizi wa Uganda wafuasi wa Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, walivuka kutoka kwetu wakiwa na silaha ili wampindue Amin, wakashindwa vibaya. Wanaosema sisi ndio tuliochokoza hushika hapo. Lilikuwa kosa, na lilikuwa kosa letu. Halimpi mtu haki ya kumeza wilaya na kuua raia miaka sita baadaye, lakini linaonyesha ugonjwa ambao ungetusumbua tena: ile tamaa ya kuchagua nani akae Kampala.

Sasa tufike penye jambo ambalo kijana wako halijui, na linamhusu kuliko mtu yeyote.

Mpango wa mwanzo haukuwa kwenda Kampala. Ulikuwa kuzichukua Masaka na Mbarara, kumwonyesha Amin kwamba uvamizi una bei, kisha kuwaachia Waganda wenyewe wamalizane naye. Mwalimu hakutaka dunia ione askari wa Tanzania wakiukalia mji mkuu wa jirani. Miji yote miwili ilianguka Februari. Halafu Gaddafi wa Libya akaleta askari wake na vifaru kumwokoa Amin, na mwishoni mwa Machi akatupa saa 24 tuondoke Uganda. Ndege yake ilikuja kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama. Waganda waliokuwa upande wetu walikuwa wachache mno kuikabili nguvu ile peke yao.

Tarehe 10 Machi 1979, katika mji mdogo wa Lukaya ulio kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, katikati ya mabwawa, Brigedi yetu ya 201 ilikutana na safu ya Walibya yenye vifaru na mitambo ya makombora. Brigedi ile ilikuwa ya mgambo karibu yote. Wakulima, makarani, vijana wa vijijini. Wengi hawakuwa wamewahi kuona vita kwa macho. Miezi michache kabla ya hapo jeshi letu lilikuwa na askari chini ya 40,000, likapanda hadi zaidi ya 100,000 kwa kukusanya watu wa namna hiyo kutoka kila mkoa na kuwapakia kwenye malori na mabasi ya abiria. Walikuwa na moyo. Makombora yalipoanza kuanguka, moyo haukutosha. Walitawanyika, wakaingia mabwawani, Lukaya ikashikwa.

Usiku na siku iliyofuata wakakusanywa upya. Brigedi ya 208, ya askari waliofundishwa vizuri, iligeuka ikaja kwa nyuma kupitia barabara ya Kampala. Mgambo walewale waliokimbia jana wakasukuma kwa mbele. Walibya walivunjika, wakaacha maiti zaidi ya 200. Huko ndiko vita vilikoamuliwa. Kampala ilianguka tarehe 10 na 11 Aprili, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan.

Huwa nasimama Lukaya kwa muda mrefu nikifundisha. Wanafunzi wangu hupenda kuzungumza juu ya siasa za Nyerere na wazimu wa Amin, na mimi huwarudisha kwenye yale mabwawa. Mtu wa miaka 20 amepewa bunduki ambayo hakuifahamu mwezi wa Agosti, na asubuhi moja anakutana na vifaru. Kama alikuwa ameshalala kambini miezi kadhaa huko nyuma, ameshajua kujitupa chini bila kufikiri, ameshajua kwamba sauti ya kuruta mwenzake pembeni ina maana mstari bado upo, ana nafasi ya kurudi kwa mama yake. Mapenzi ya nchi peke yake hayamfundishi mtu kulala chini. Kwata humfundisha.

Turudi kwenye hoja ya mwanao, upande wake wenye nguvu: kwamba Kampala haikuzaa amani. Hapo ana haki, na shemeji amkubalie.

Machi 1979, kabla hata mji haujaanguka, makundi ya Waganda yalikutana Moshi chini ya ulezi wetu yakaunda serikali. Yusuf Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili. Tarehe 20 Juni alikuwa ameshaondolewa. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980. Desemba ukafanyika uchaguzi uliomrudisha Obote, uchaguzi ambao wapinzani wake hawakuukubali, na Februari 1981 Museveni akaingia msituni. Miaka mitano iliyofuata, watu wa Luweero, kaskazini ya Kampala, walikufa kwa wingi. Huko West Nile, kaskazini magharibi ya Uganda, askari wa zamani wa Amin waliokimbilia Sudan na Zaire walirudi kupigana, na raia wa eneo lile wakalipizwa kisasi kwa kosa la kuzaliwa eneo moja na Amin. Askari wetu waliendelea kukaa Uganda hadi mwaka 1981. Walivunja jeshi la Amin kwa miezi mitano, kisha wakatumia miaka miwili wakilinda barabara na ofisi za serikali ambazo Waganda hawakuwa wamekubaliana juu yake.

Hapa ndipo mizani ilipolala. Sababu ya kumpiga Amin tulikuwa nayo. Sababu ya kusimamia nani atawale baada yake hatukuwa nayo, hata kama nia ilikuwa njema, na uwezo huo hatukuwa nao hata chembe. Jeshi hujua kubomoa hatari. Halijui kuwafanya watu waaminiane. Kazi hiyo ni ya wazee wa nchi, vyama, makanisa, misikiti, mahakama, na ni ya vizazi. Ukiikabidhi kwa brigedi, umeidhulumu brigedi na umewadhulumu wale unaodhani unawasaidia.

Wala si sisi peke yetu tuliojikwaa hapo. Wakati uleule, Januari 1979, Vietnam iliingia Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, ikauondoa utawala wa Pol Pot uliokuwa umeshambulia vijiji vya mpakani mwake. Iliondoka Kambodia mwaka 1989. Kisha tazama Marekani, baba na mwana. Mwaka 1991 George Bush mkubwa aliitoa Iraki kutoka Kuwait kwa vita vya nchi kavu vya saa 100, akasimama. Wengi walimlaumu kwa kutokwenda Baghdad. Yeye na washauri wake walijua waliitwa kufanya kazi moja, wameifanya, na ng'ambo ya mpaka kuna nchi ambayo hawana funguo zake. Mwaka 2003 mwanawe akaenda. Baghdad ilianguka tarehe 9 Aprili, na mwezi Mei Wamarekani waliokuwa wakiitawala Iraki wakalivunja jeshi la nchi ile kwa amri ya karatasi moja, maelfu ya watu wenye silaha wakabaki bila kazi wala heshima. Yaliyofuata mwanao ameyakuta kwenye habari tangu utoto wake. Wahafidhina wao walibishana juu ya vita vile, na mimi nilikuwa upande wa wale wachache waliosema tangu mwanzo: huu si uhafidhina. Mhafidhina anajua jamii ilivyo ngumu kuijenga hata kwako mwenyewe.

Utaniuliza: basi mbona Bush mkubwa alisimama mpakani na wewe unasema sisi tulikuwa na haki kuvuka Mutukula? Tofauti ni hii. Nyuma ya Kuwait kulikuwa na nguvu ya dunia nzima, azimio la Umoja wa Mataifa, ndege zilizoweza kumfunga Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, asisogee tena. Nyuma ya Kagera hakukuwa na mtu. Msumbiji ya Samora Machel ilituletea kikosi, ndugu wa kweli wale. Wengine walituletea ushauri. Nchi maskini yenye jirani mwenye silaha na asiye na aibu haina anasa ya kumwacha na silaha zake. Kuvunja jeshi lake, ndiyo. Kukaa miaka miwili tukigawa vyeo, hapana. Mstari huo ndio ninaoutetea, na naujua kuwa mwembamba. Najua pia kwamba aliyekuwa Kampala Aprili ile, mji unaporwa na hakuna polisi, hakuweza kufunga virago kesho yake. Lakini mwaka mmoja ulitosha, na zile kamati za kubadilisha marais hazikuwa na lazima ya kupata baraka zetu.

Julai 1979 wakuu wa Afrika walikutana Monrovia. Numeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria walitushambulia kwamba tumevunja kanuni ya kutoingilia mambo ya nchi nyingine. Aliyesimama kututetea alikuwa Binaisa, Mganda. Miezi miwili baadaye Ufaransa ilituma ndege zake Bangui ikamwondoa Bokassa, mtawala wa Afrika ya Kati, katika usiku mmoja, na lile lilimezwa kimyakimya. Fundisho ninalolichukua mimi ni la kizamani: vyombo vya kimataifa ni vya kuheshimiwa na kuhudhuriwa, ila usikabidhi ulinzi wa Missenyi kwa kikao. Mwaka 2000 Umoja wa Afrika uliandika katika sheria yake haki ya kuingilia nchi yenye mauaji ya kimbari na makosa makubwa ya kivita. Vizuri. Lakini watakaotumwa ni watoto wa nani? Desemba 2017 askari wetu wapatao 15 waliuawa kambini Semuliki, mashariki ya Kongo, wakiwa na kofia za Umoja wa Mataifa. Miaka minne kabla ya hapo wengine 7 walikufa Darfur. Kila serikali inapotia saini kupeleka kikosi, nataka Bunge liulize yale matatu ya Mwalimu, moja baada ya jingine, na jibu litoke hadharani.

Juu ya kufilisika nitapita haraka. Vita vilikadiriwa kutugharimu dola milioni 500 hivi, fedha tusizokuwa nazo. Tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, na miezi ile haikuisha kwa miaka. Nilipanga foleni ya sabuni na ya sukari kama watu wote. Ila vita havikuwa peke yake: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, mafuta yalipanda bei mwaka 1979, na sera zetu za uchumi zilikuwa na maradhi yake toka kabla. Mwanao asiubebeshe Mutukula mzigo wote.

Basi na JKT.

Kijana anasema hataki kujifunza kutii amri za viongozi wanaoweza kukosea. Mwambie Tanganyika imewahi kuwa na jeshi la watu waliokuwa wakilipwa tu, wasio na mizizi ndani ya taifa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wale waliasi, na serikali huru ya miaka miwili ikalazimika kuwaita wanamaji wa Uingereza, wakoloni wa juzi, waje kuwanyang'anya silaha. Mwalimu aliona aibu ile hadi mwisho. Jeshi likavunjwa lote, na tarehe 1 Septemba mwaka uleule likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), kwa kuwachukua vijana wa nchi wakiwemo wa Jeshi la Kujenga Taifa lililokuwa limeanza Julai 1963. Tangu hapo jeshi la Tanzania ni watoto wa watu. Unamjua mmoja, mimi namjua mwingine.

Hilo lina faida mbili na zote ni za kihafidhina. Jeshi ambalo ni wanetu halitugeuzii bunduki kirahisi. Na serikali inayojua kwamba watakaokufa wanatoka kila nyumba, ya mkulima na ya waziri, hufikiri mara tatu. Nchi ambazo vita hupiganwa na tabaka moja la watu, wengine wakiangalia kwenye televisheni, huingia vitani kwa wepesi unaotisha. Marekani ilifuta uandikishaji wa lazima mwaka 1973, na nakubali walikuwa na sababu zao baada ya Vietnam, lakini naamini vita vyao virefu vya Afghanistan na Iraki visingedumu hivyo kama kila mbunge wao angekuwa na mtoto kule.

Vijana wasomi kukataa si jambo jipya. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga utumishi wa lazima, wakamwendea Mwalimu na bango lililosema ukoloni ulikuwa afadhali. Kilichowaudhi zaidi kilikuwa kipengele cha kutumikia miezi 18 kwa asilimia 40 ya mshahara. Aliwafukuza karibu 400, na palepale akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Naona adhabu ilikuwa kali. Lakini ile ya kukata wake kwanza naikumbuka kila ninaposikia kiongozi akihubiri uzalendo. Mwanao ana haki ya kudai hilo kwa wanaomwita: je, wa kwao wamekwenda? Utumishi wa lazima ulisimama mwaka 1994, ukarudi 2013, na tangu uliporudi nimeona nyumba zinazotafuta vyeti vya daktari ili mtoto asiende. Hilo linaniuma kuliko maswali ya mwanao. Yeye angalau anakataa kwa hoja.

Kutii amri si kuzima akili. Ofisa mzuri humtaka askari anayejua kwa nini. Na anayeuliza kwa nini hatukurudi nyumbani tulipofika Mutukula ndiye hasa ninayemtaka ndani ya jeshi na ndani ya Bunge siku swali hilo litakapokuja tena, awe ameshika jembe, kalamu au bunduki. Lakini atasikilizwa zaidi akiwa ni mtu aliyelala kambini, akaamshwa saa kumi usiku, akabeba gogo na mtoto wa mvuvi wa Kilwa na mtoto wa mfugaji wa Simanjiro. Miezi mitatu hivi. Ana miaka mingapi, 19? Ataimaliza kabla ya kuanza chuo.

Kuhusu shemeji: asilazimishwe kuomba radhi. Wewe ni mama wa nyumba, mpikie, mwite. Kabla kijana hajaondoka, waende wote wawili Kaboya, si mbali na kwenu, walikozikwa askari wetu wa vita vile. Wasibishane kule. Wakirudi, kijana amuulize baba yake mdogo jambo moja tu, ambalo nadhani hajawahi kuulizwa na mtu: kabla ya kupakiwa kwenye lori kwenda mbele, alifundishwa kwa siku ngapi?